Usukani wa Land Rover ya Zamani Ukilegea: Anzia Chini, Boksi Liwe la Mwisho

Land Rover za Series ambazo bado zinatembea Tanga, iwe ni 109 iliyozeekea kwenye shamba la mkonge au 88 ya mtu anayeitunza kwa mapenzi tu (namba hizo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), nyingi zina ugonjwa uleule: usukani unazungushwa kidogo kulia, kidogo kushoto, na tairi hazina habari. Dereva aliyelizoea gari anajifunza kukata kona mapema na kurudisha mapema. Shida inaonekana siku anapomwachia mwingine usukani kwenye mteremko wa kutoka Amani.

Maelezo haya ni ya Series II (ilianza kutengenezwa 1958), IIA (1961) na III (1971 hadi 1985), ambazo mpangilio wao wa stelingi ni karibu mmoja. Mwenye gari lingine la zamani atapata maneno machache yake mbele, lakini utaratibu wa kupima ni huuhuu.

Kosa linalofanyika sana gereji ni kwenda moja kwa moja kwenye skurubu ya boksi la stelingi na kuikaza. Usukani unakuwa mzito kidogo, mwenye gari anaona amepona, analipa, anaondoka. Kumbe ulegevu ulikuwa kwenye vichwa vya rodi, na boksi limekazwa bure. Boksi lililokazwa kupita kiasi linaliwa ndani pale katikati, linagoma kurudi lenyewe baada ya kona, na baada ya miezi michache una matatizo mawili badala ya moja. Kwa hiyo skurubu ile usiiguse mpaka kila kitu kingine kiwe kimepimwa na kutengenezwa.

Nguvu inavyosafiri

Usukani unashuka kwa shafti moja iliyonyooka hadi ndani ya boksi. Boksi linageuza mzunguko kuwa mwendo wa mkono mmoja wa chuma, pitimani. Kutoka pitimani kuna rodi inayokwenda mbele hadi kwenye rilei ya stelingi, ile silinda nene iliyosimama wima ndani ya mhimili wa mbele wa chesisi. Rilei ina mkono juu na mkono chini. Wa juu unapokea, wa chini unasukuma rodi ya pili hadi kwenye mkono wa tairi moja, kisha rodi ya tatu inaunganisha tairi hilo na mwenzake.

Rodi tatu, kila moja ina vichwa viwili. Hivyo ni vichwa sita, ambavyo dukani ukiomba tairodi endi utapewa. Ongeza rilei, boksi, kingpini za pande zote mbili (pini ambazo tairi linageukia likikata kona) na beringi za habu, kitovu cha gurudumu. Kila kimoja kina haki ya kulegea, na ulegevu wao unajumlishana.

Hesabu yake ni ya kuogopesha kidogo. Uwiano wa boksi hili tairi zikiwa zimenyooka ni karibu 15 kwa 1. Maana yake milimita moja tu ya ulegevu kwenye kichwa cha rodi inakuja kuonekana kama sentimita mbili hivi kwenye ukingo wa usukani. Vichwa vitatu vyenye ulegevu ambao kwa macho unauona mdogo vinatosha kukupa usukani wa sentimita sita, na boksi likiwa halina kosa lolote.

Kabla hujalala chini ya gari

Pima upepo. Kwa 109 yenye tairi za 7.50-16, mbele ni psi 25 na nyuma psi 36. Kwa 88 ni 25 kote. Gari lenye psi 40 mbele linadunda na kukimbia huku na huku hata stelingi ikiwa mpya, na lenye psi 15 linakuwa zito na kuchelewa kuitika. Tairi za mbele ziwe za aina moja na zimeliwa sawa. Tairi lililoliwa bega moja tayari linakuambia toini (jinsi tairi za mbele zinavyokaribiana kwa mbele kuliko kwa nyuma) imeharibika au kingpini imekufa.

Kaza nati za magurudumu, Nm 100 hadi 115. Kisha angalia yubolti zinazoshika ekseli kwenye springi, na bushi za springi zenyewe. Yubolti ikilegea ekseli nzima inahama kidogo kila unapokata kona, na dereva ataapa kwamba ni stelingi. Dalili ni kutu nyekundu mbichi, kama unga, pembeni mwa bamba la springi: chuma kinasuguana pale. Pwani kila chuma kina kutu, lakini kutu ya kusuguana ina rangi yake na iko mahali pamoja tu.

Tofautisha pia malalamiko. Usukani una nafasi tupu kabla tairi halijageuka: hilo ndilo somo la leo. Gari linavuta upande mmoja: tazama upepo, breki inayoshika, springi iliyokaa. Tairi za mbele zinatetemeka kwa nguvu ukipita shimo kwenye mwendo wa kilomita 60 au 70: kingpini zimelegea, na hilo ni la haraka kuliko mengine yote.

Kipimo cha kwanza: tairi zikiwa ardhini

Simamisha gari mahali tambarare, tairi zimenyooka, zimebeba uzito wa gari. Huu uzito ni muhimu, kwa sababu ukilipandisha kwenye jeki kwanza, vichwa vya rodi vinageuka bila upinzani na vinaficha ulegevu wao.

Bandika kipande cha tepu juu ya usukani na kingine kwenye dashibodi kwa mstari mmoja. Kwa vidole viwili, zungusha usukani taratibu kushoto mpaka usikie umegusa kitu, halafu kulia. Pima umbali wa ukingo kwa rula. Sentimita mbili ni gari zima. Tatu hadi nne ni umri. Zaidi ya tano, vaa ovaroli.

Sasa mweke kijana kwenye kiti cha dereva. Mwambie apeleke usukani kushoto na kulia kwa mwendo mfupi tu, ule wa kupita ulegevu, bila kugeuza tairi. Wewe lala chini na tochi, na uweke kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu. Kiganja kinajua kuliko jicho: kiungo kilicholegea kinagonga, unasikia tiki kwenye ngozi.

Fuata njia ya nguvu kutoka juu. Anza na boksi lenyewe, lakini usitazame ndani yake kwanza. Tazama kama linahama. Bolti zake za kwenye chesisi na mabano ya ukuta wa injini hulegea, na ukuta wenyewe pale miguuni mwa dereva ndipo kutu ya pwani inapoanzia. Gari lililokaa miaka Raskazone au Pangani linaweza kuwa na boksi zima kabisa lililofungwa kwenye bati lililobaki kama biskuti. Hapo anaitwa mchomeleaji kwanza, spea baadaye.

Kisha pitimani. Shafti inayotoka kwenye boksi ikigeuka na pitimani ikachelewa, nati yake imelegea au meno yameliwa. Kaza nati, na kama meno yameliwa usijaribu kuyaziba kwa kuchomelea. Mkono huo ukichomoka hakuna usukani tena.

Kichwa cha kwanza, rodi, kichwa cha pili. Halafu rilei, na hapa kaa kidogo. Shika mkono wa juu na mkono wa chini kwa wakati mmoja. Wa juu ukienda na wa chini ukachelewa, bolti ya kubania mmojawapo imelegea au meno ya shafti yamekwisha. Mikono yote miwili ikienda pamoja lakini shafti ikiegemea pembeni, bushi za ndani zimekwisha. Endelea hadi kichwa cha sita.

Weka alama ya chaki kwenye kila kilichogonga. Usifungue kitu bado.

Kipimo cha pili: mbele ikiwa juu

Nyanyua ekseli ya mbele, uweke stendi za chuma chini ya ekseli, kabari nyuma ya tairi za nyuma. Usitegemee jeki peke yake, wala mawe ya tumbawe yaliyozagaa kila uwanja hapa Tanga. Tumbawe linapasuka bila kutoa taarifa.

Shika tairi juu na chini, kama saa 12 na saa 6, ulitikise. Likicheza, mwambie kijana akanyage breki na utikise tena. Ulegevu ukipotea, ni beringi za habu. Ukibaki vilevile, ni kingpini. Sababu ni kwamba breki inafunga habu na bamba lake kuwa kitu kimoja, hivyo kinachobaki kucheza ni kile kilicho nyuma yake. Kipimo hiki ni cha sekunde kumi na kinaokoa fedha ya beringi ambazo hazikuwa na kosa.

Ukishika saa 3 na saa 9, unapima rodi na vichwa ambavyo umeshavijua. Mwisho, geuza usukani kutoka kituo cha kushoto hadi cha kulia. Uende bila kukwama. Ukiwa mgumu katikati na laini pembeni, kuna mtu alishakaza boksi kabla yako.

Vichwa vya rodi

Kichwa kinachogonga hakitengenezwi, kinabadilishwa. Kupulizia grisi kwa sindano kunanyamazisha sauti kwa wiki moja. Kama viwili vimekwisha na vinne ni vya umri uleule, nunua sita. Kazi ya kupanga upya toini ni ileile kwa kimoja au sita.

Kila rodi ina upande mmoja wenye uzi wa kulia na mwingine wenye uzi wa kushoto, ndiyo maana ukiizungusha inarefuka au kufupika. Kwa hiyo kwa gari zima unahitaji vitatu vya kulia na vitatu vya kushoto. Nenda dukani na vile vya zamani mkononi. Kwenye kaunta, shika shina la kichwa kipya na ulipinde kwa vidole: liwe gumu, liende taratibu, lisirudi lenyewe. Likining'inia lenyewe kabla halijaonja barabara, rudisha. Kagua pia mpira wa kufunika. Mpira mkavu wenye nyufa utaingiza mchanga na maji ya chumvi kabla ya masika ijayo.

Kabla ya kufungua, pima kwa futi ya chuma urefu wa kila rodi kutoka katikati ya shina moja hadi katikati ya jingine, uandike. Hii ndiyo itakuwezesha kuendesha gari hadi mahali pa kupanga toini bila kula tairi njiani.

Toa splitipini, legeza nati ya shina lakini iache imeshika kwa nyuzi tatu nne. Shina limekaa kwenye tundu lenye umbo la koni, na halitoki kwa kugongwa juu yake. Ukifanya hivyo utaua uzi tu. Weka nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono, gonga upande wa pili kwa nyundo nyingine, pigo kavu, moja au mawili. Jicho linajibana kwa sekunde ndogo na shina linaruka. Ile nati uliyoiacha inazuia rodi isikuangukie usoni. Pula ni bora zaidi kama unayo. Uma wa kupigilia unachana mpira, utumie kwa kichwa unachotupa tu.

Kutoa kichwa ndani ya rodi kwa gari la pwani kunaweza kuwa kazi ya siku mbili. Legeza klempu, tanua mwanya wake kidogo kwa bisibisi, tia oili ya kulegeza kutu, acha usiku kucha. Asubuhi pasha moto bomba la rodi, kichwa kikiwa cha kutupwa, na ulizungushe kwenda na kurudi. Kumbuka upande upi ni uzi wa kushoto kabla hujalaumu kutu. Safisha uzi kwa brashi ya waya, paka grisi, ingiza kichwa kipya kwa idadi ileile ya mizunguko uliyoitolea cha zamani.

Nati za mashina kaza kwa Nm 40. Kama tundu la splitipini halijalingana na mwanya wa nati, ongeza kukaza hadi ulingane, usilegeze. Splitipini iwe mpya. Msumari uliokunjwa si splitipini, ingawa utaukuta kwenye magari mengi.

Rilei

Hii ndiyo sehemu iliyosahauliwa kuliko zote, na ndiyo inayofia mahali pake. Rilei inahitaji oili ya gia, EP90, ndani, na nyingi zimekaa kavu miaka. Kifuniko cha juu kina bolti ndogo: fungua mbili zinazotazamana, mimina oili kwenye tundu moja taratibu hadi itokee kwenye la pili bila mapovu, funga. Kama inavuja chini siku inayofuata, sili imekwisha. Kama inavuja kidogo tu, wengi wanaiongezea kila wanapobadilisha oili ya injini na maisha yanaendelea, na hakuna ubaya.

Mikono yake imebanwa kwa bolti inayopita kwenye mfereji wa shafti. Ukitaka kutoa mkono, bolti hiyo itoke yote, kulegeza hakutoshi. Weka alama ya rangi kati ya mkono na shafti kabla ya kutoa. Ukirudisha jino moja pembeni, usukani hautakaa katikati.

Bushi za ndani zikiwa zimekwisha, una njia mbili: kubadilisha rilei nzima au kuifungua. Tahadhari hapa ni ya kweli. Ndani kuna springi yenye nguvu sana iliyobanwa kati ya bushi za Tufnol (kitambaa kilichogandishwa kwa gundi ngumu) zilizopasuliwa vipande viwili viwili, zikikaa kwenye koni za shafti. Vipande vinapofika ukingoni mwa silinda vinaruka kama risasi, na springi nyuma yake. Mwongozo wa zamani unataka kazi hiyo ifanyike silinda ikiwa imefunikwa gunia. Gunia la mkonge halikosekani Tanga: lizungushe mara mbili, lifunge kwa kamba, usielekeze mdomo wa silinda kwa mtu yeyote. Fundi ambaye hajawahi kuiona ikifunguliwa asianze na yako. Usiipashe moto kamwe ikiwa imefungwa, maana ndani kuna oili na springi inayosubiri.

Kuitoa kwenye chesisi ndiko kunakovunja moyo. Toa grili, toa mikono yote miwili, toa bolti zote zinazoishika, kisha iloweshe kwa oili ya kutu asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne. Inachomoka kwa kusukumwa juu. Weka jeki ya chupa chini ya silinda yenyewe, pandisha mpaka gari lianze kunyanyuka, halafu gonga mhimili wa chesisi kuzunguka rilei kwa nyundo, ukiwa umesimama pembeni. Uzito wa gari ndio unaofanya kazi. Ikigoma, acha jeki imebana usiku kucha na uendelee kuilowesha. Kabla ya kurudisha, kwangua kutu ya ndani ya mhimili na upake grisi kwa ukarimu. Atakayeitoa mara nyingine atakuombea.

Rilei iliyofungwa vizuri si nyepesi. Ikiwa na mkono lakini bila rodi, ivute kwa mzani wa springi, ule wanaopimia samaki pale Deep Sea, ukiwa umenasa ncha ya mkono: isiwe chini ya kilo 5.5 hivi. Ugumu huo ni wa makusudi, unameza mitetemo ya barabara ya changarawe kabla haijafika mikononi mwako. Rilei laini kama bawaba ya mlango ni rilei mbovu.

Kingpini na habu

Nyuma ya kila tairi la mbele kuna tufe la kromu, na ndani yake oili ya EP90, nusu lita kila upande. Hewa ya bahari inaila kromu, inaacha mashimo madogo kama ya ndui; mashimo yanachana sili, sili inavuja, na pini ya juu inakauka. Ukiona breki za mbele zina oili na usukani unatetemeka, mara nyingi ni hadithi hiyohiyo moja.

Kupima: toa tairi, tenganisha rodi kwenye mkono wa gurudumu, nasa mzani wa samaki kwenye tundu la mkono huo na uvute kwa mwendo usiobadilika. Sili kubwa ya tufe ikiwa imetolewa, isome kati ya kilo 6.3 na 7.3. Ikisoma pungufu, fungua pini ya juu na utoe shimu moja nyembamba (kibamba cha kurekebisha nafasi), rudisha, kaza, pima tena. Toa moja kwa wakati. Ukimaliza shimu zote na bado ni laini, bushi ya Railko ya juu na beringi ya chini zimefika mwisho, na hizo hubadilishwa pamoja. Pande zote mbili zisome karibu sawa, la sivyo gari litageuka kwa hiari upande mmoja kuliko mwingine. Ugumu ukizidi, usukani hautarudi wenyewe baada ya kona, kwa hiyo usidhani kuongeza ni usalama.

Habu ni rahisi zaidi. Toa kofia ya habu, splitipini na nati ya shafti, fungua bolti sita za flenji, ivute flenji huku shafti ikibaki ndani, kunjua washa ya kufungia, toa nati ya nje kwa spana boksi ya mm 52. Patasi na nyundo vimeharibu nati nyingi ambazo hazikuhitaji kufa. Kaza nati ya ndani huku ukizungusha habu hadi isikie uzito, kisha irudishe nyuma kidogo mpaka habu iwe na uwazi wa kama mm 0.1, yaani kutikisika kunakosikika kwa shida. Washa, nati ya nje, kaza, halafu pima tena, kwa sababu nati ya nje inapobana inakula sehemu ya uwazi huo.

Sasa boksi

Mpaka hapa, rudia kipimo cha tepu. Mara nyingi zile sentimita sita zimeshakuwa mbili au tatu na boksi halikuguswa.

Kilichobaki kikiwa bado kingi, anza na oili. Ni EP90, hadi kwenye mdomo wa kijazio. Watu hupakia grisi nzito ili isivuje. Grisi hiyo inasukumwa pembeni na gololi za ndani, haizirudii, na gololi zinazunguka kwenye chuma kikavu.

Tenganisha rodi kwenye pitimani ili uone boksi peke yake. Tairi na usukani viwe katikati: hesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho hadi mwisho, gawanya kwa mbili. Legeza lokinati ya skurubu ya pembeni, ingiza skurubu kwa mkono hadi iguse na ulegevu wa shafti uishe, shikilia skurubu kwa bisibisi, kaza lokinati. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho. Ukisikia kukwama popote, umezidisha, rudisha kidogo.

Kuna boksi ambalo likikazwa vizuri katikati linabana pembeni. Hilo njia zake za gololi zimeliwa katikati, ambako kazi yote inafanyika, na skurubu haiwezi kulirudishia chuma. Linahitaji kufunguliwa au kubadilishwa. Usukani wenyewe ukipanda na kushuka ukiuvuta, ni shimu za shafti kati ya bomba na boksi, au beringi ya juu.

Mwenye Peugeot 404 au 504 hana boksi hili wala rilei: gari lake lina reki. Vipimo vya ardhini na vya jeki ni vilevile, ila reki nzima haina ruhusa ya sentimita mbili kwenye usukani. Ukiziona, kagua vichwa na mabano ya reki kabla ya reki yenyewe.

Kunyoosha

Boksi likiwa katikati na tairi zimenyooka, rodi ya kati ya pitimani na rilei iingie kwenye tundu lake bila kulazimishwa. Isipoingia, irefushe au ifupishe. Usinyooshe usukani kwa kuuchomoa na kuuhamisha meno. Boksi litakuwa linafanya kazi nje ya kituo chake, pale ambapo lina ulegevu wa kuzaliwa. Hakikisha pia bolti za kuzuia tairi zinagusa kabla boksi halijafika mwisho wake wa ndani.

Toini ni mm 1.2 hadi 2.4, mbele pawe pembamba. Kama mashine ya alaimenti iko mbali, weka alama ya chaki katikati ya kila tairi upande wa mbele, kwa urefu wa ekseli, pima kati ya alama kwa ufito ulionyooka. Sukuma gari mbele nusu mzunguko ili alama zilezile ziende nyuma, pima tena. Kutumia alama zilezile kunafuta kosa la rimu iliyopinda. Usirudishe gari nyuma kurekebisha alama iliyopita. Zunguka tena mbele. Ukimaliza, kaza klempu za rodi na uzigeuze zisigonge kitu tairi zikikatwa hadi mwisho.

Majaribio yaanzie polepole, kwenye lami tambarare isiyo na malori, kilomita 30, kisha 50. Lami iliyoinama pembeni italivuta gari kushoto kidogo. Geuza upande uujaribu tena kabla hujafungua spana. Njia ya Amani isubiri. Baada ya kilomita 100 kaza upya nati za magurudumu, yubolti na bolti za mikono ya rilei, na uchungulie kila splitipini. Baada ya 500 rudia mzani kwenye kingpini kama ulibadilisha bushi, kwa kuwa bushi mpya hukaa na kupunguza kilo moja hivi, na shimu moja nyembamba huenda ikahitajika kutoka.